Kwa Tumpe, Kuhusu Jiko na Nyumba Isiyopitisha Upepo

Tumpe mwanangu,

Usianze kwa kucheka mwandiko. Ulinifundisha wewe mwenyewe, likizo ile ya mvua nyingi, kwa kijiti juu ya udongo mbichi, ukanipiga vidole kila niliposahau kuifunga herufi a. Kwa hiyo makosa utakayoyaona humu ni ya mwalimu, si ya mwanafunzi.

Naandika mchana. Wewe umekwenda ziwani kuoga na wenzako, na baba yako amelala kivulini mdomo wazi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonifundisha kukiandika, na tena kwa sababu baba yako anasoma Kinyakyusa cha kitabu cha nyimbo tu. Akiamka akaikuta karatasi hii ataigeuza huku na huku, atasema ni mambo ya shule, ataiacha. Kuna maneno humu ambayo hata yeye sijamwambia.

Ya mzigo sitayaandika. Mchele uko kwenye gunia dogo, usipa mkavu, dagaa wetu wa ziwani, uko kwenye kikapu chenye mfuniko, jiko nililokufinyangia nimelizungushia mabua ya mpunga lisigongwe. Kusali, kuamkia wakubwa, kuosha nyuma ya masikio, hayo unayajua, na kama mpaka leo huyajui basi barua haitakusaidia.

Lakini furaha yangu lazima niiandike. Tangu walipotangaza kanisani kwamba unakwenda Tukuyu kufundisha wasichana, natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, na miguu ni hii hii ya udongo. Gulioni nimewachosha watu. Mama mmoja kutoka Busale alitaka chungu cha kupikia maharage tu, akarudi kwao na chungu na habari zako zote tangu ulipoota jino la kwanza. Aliniambia, "Mama, nipunguzie bei au unipunguzie maneno." Nikampunguzia bei.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita baba yako aliporudi kutoka kwa dada yake, Shangazi Sekela, alitusimulia chumba atakachokupa pale Tukuyu. Unakumbuka alivyosimulia, amesimama, mikono inachora hewani. Matofali ya kuchoma. Sakafu ya saruji. Dirisha la vioo. Mlango wa fundi, ukiufunga hata upepo hauna pa kuingilia. Ninyi mkapiga makofi. Mimi nikatoka, nikaenda nyuma kwenye udongo wangu. Ukanifuata, ukaniuliza kama naumwa, nikakujibu moshi umeniingia machoni. Hapakuwa na moto siku hiyo, Tumpe. Nadhani uliona, ukanyamaza kwa heshima.

Umekua ukiambiwa kwamba tulikaa milimani, ukaugua kifua ukiwa mchanga, tukashuka ziwani kukutafutia joto. Hukuugua kifua. Leo nakuandikia kilichotokea.

Mimi ni mtoto wa Ikombe, mtoto wa mfinyanzi. Kwetu ufukweni mtu akisema anasikia baridi, tunamgusa paji la uso. Baba yako aliponioa akanipeleka kwao juu, nikakutana na ukungu. Mwezi wa saba unaingia ndani bila hodi, unakaa kitako kama shemeji. Nilikuwa na kanga mbili na wewe tumboni, nikalia kila asubuhi.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mianzi na udongo, na kuta zake zilikuwa na nyufa. Chini ya paa waliacha nafasi ya mkono mzima pande zote. Niliwaona watu wa juu kuwa wavivu. Wewe unanijua, siwezi kuangalia ufa nikakaa. Chungu chenye ufa kinarudi nyumbani na aibu, ndivyo mama alivyonilea. Ulipozaliwa nikasema mwanangu hatalala kwenye chujio. Nilichota udongo mtoni, nikaukanda, nikaziba kila ufa ndani na nje, nikapanda juu nikaziba na ile nafasi ya chini ya paa, kisha nikasugua kuta zote kwa kokoto mpaka zikang'aa. Siku tatu. Wanawake wakaja kutazama. Baba yako akasema, "Nimeoa mfinyanzi, sasa nalala ndani ya chungu." Nilijivuna kwa neno hilo nikakosa usingizi.

Kisha nikamalizana na moshi. Wenzangu wote waliwasha kuni katikati ya nyumba, wanakohoa, macho mekundu. Mimi nikafinyanga jiko zuri lenye mfuniko wa matundu, nikaomba makaa kwa mhunzi, nikawa napata joto bila moshi. Wakaja kutazama tena. Nilidhani adui ni moshi, na moshi nimeshaufukuza.

Moto niliujua tangu sina meno ya mbele. Lakini moto wote nilioujua ulikuwa wa kuchomea vyungu, ufukweni, ziwa mbele na upepo nyuma. Sikuwahi hata siku moja kukaa na moto chini ya paa lililofungwa. Hilo ndilo sikulijua, na kwa kuwa nilijua mengine yote, sikuona sababu ya kumuuliza mtu.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Ulikuwa na miezi minne. Baba yako alikuwa kazini kwenye mashamba ya chai. Asubuhi Shangazi Sekela alileta maziwa kwenye kibuyu, kama kila siku, kwa sababu aliona sina nyama mwilini na mtoto ananyonya. Nikanywa, akaenda zake migombani. Mara akaja babu yako, baba yake baba yako, akaanza kutengeneza zizi la ndama mbele kabisa ya mlango wangu.

Desturi unaijua. Mke haonani na baba mkwe wake, hapiti njia moja naye, halitaji jina lake. Mpaka leo neno likifanana na jina lake nalizunguka. Basi nikafunga mlango, nikatia komeo, nikangoja amalize. Ila babu yako alikuwa mtu wa kufunga kamba mara tatu mahali pa mara moja. Asubuhi nzima alikuwepo. Mimi ndani niko na jiko langu, makaa mekundu, hakuna moshi, hakuna harufu, joto zuri kama la kwetu. Nikaimba.

Kichwa kikaanza kugonga. Nikaacha kuimba. Kisha magoti yakawa kama si yangu. Kisha ukaja usingizi mtamu, Tumpe, mtamu kuliko wowote niliowahi kulala. Wewe ulikuwa unalia, ukaacha. Nikamshukuru Mungu kwamba umeacha. Sentensi hiyo sijawahi kumwambia mtu.

Nilijaribu kukulaza mkekani nikaanguka juu ya mtungi wa maji, ukavunjika. Na mtungi huo ndio uliotuokoa, kwa sababu babu yako huko nje alisikia ukivunjika, akangoja anisikie nikilalamika. Alinijua. Kifuniko kikimeguka ukingo tu, kijiji kizima kilisikia msiba. Safari hii kimya. Akajua kuna jambo. Lakini mzee hakuweza kuingia kwa mke wa mwanawe. Akageuka akaupa mlango mgongo, akamwita binti yake kwa sauti ambayo, wanasema, iliwatoa ndege migombani.

Shangazi Sekela akaja mbio. Mlango una komeo. Hakuhangaika nao, alichukua jembe la baba yake akaufungua ukuta. Ukuta wangu, niliousugua. Akakuvuta wewe kwanza kwa mguu, halafu akanivuta mimi.

Nilipofungua macho niko kwenye nyasi, mvua usoni, kitu cha kwanza nilichokiona ni tundu. Na neno langu la kwanza nikauliza nani amevunja ukuta wangu. Cheka, ukitaka. Baba yako hucheka mpaka leo. Midomo yako ilikuwa ya kijivu. Shangazi alikuwa amekushika, anakutikisa, anakupulizia usoni, anakuita jina. Halafu ukalia. Babu yako, bado ametupa mgongo, akauliza, "Analia nani?" Akaambiwa ni mtoto. Mzee yule akakaa chini, kwenye matope, na nguo yake safi.

Mpaka hapa ni hadithi ya furaha. Ningeiacha hapa ningekuwa nimekuandikia barua fupi.

Wanawake walikusanyika. Shangazi Sekela aliingiza kichwa kwenye lile tundu, akakitoa, akasema, "Ni moto. Nyumba hii haina pua." Alisema mbele ya wote, na alisema sawa. Lakini mimi nilikuwa natapika, na kilichotoka kilikuwa maziwa. Nikasema, sijaweka kitu tumboni leo isipokuwa maziwa ya Sekela.

Hilo tu. Sikutaja uchawi, sikutaja sumu. Nilitaja maziwa nikanyamaza, wakamalizia wenyewe.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sisemi vizuri juu ya watu wanaojidai. Ni kwa sababu namjua mmoja. Nisingeweza kukubali kwamba moto umenishinda, mimi, na ukuta niliousifu ndio ulioninyima pumzi. Ilikuwa rahisi kosa likae kwenye kibuyu cha mtu mwingine kuliko kwenye mikono yangu.

Baada ya hapo hakuna aliyekunywa kwake. Arusini alikuja na kibuyu kimejaa, akarudi nacho kimejaa. Akipita mahali mtoto wa mtu amebebwa, mama anamgeuza mtoto upande wa pili. Hakugombana na mtu. Baba yako hakuamini yale maneno hata siku moja, lakini mimi niligoma kulala pale, na yeye alikuwa kijana mwenye mke anayelia, tukashuka huku. Yeye Sekela akaja kuhamia Tukuyu mjini, ambako hawakumjua, na huko ndiko alikojenga nyumba ya matofali kwa fedha za ndizi zake.

Sasa nitakuambia nilivyojua. Ulikuwa na miaka kama kumi. Masika yalikuwa makali, vyungu havikauki, na nilikuwa nimeahidi vyungu vingi. Nikaingiza makaa kwenye kibanda cha vyungu, nikateremsha mikeka pande zote. Kuku alikuwa ameatamia pembeni. Niliingia kugeuza vyungu, nikakawia kuvipanga. Kichwa kikagonga. Magoti yakaondoka. Na usingizi ule ule mtamu ukanishika bega. Nikamwona kuku amelaza shingo juu ya mayai, kisha akabingirika. Nilimkamata mguu nikatoka naye natambaa.

Wewe unakumbuka kilichofuata tu. Yule kuku mvuani, akasimama, akatembea upande upande, akajidonoa mguu wake mwenyewe, akaanguka, akasimama tena kama mzee aliyetoka kilabuni. Mlicheka ninyi watoto mpaka mkalala kwenye matope. Nami nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kuku yule hakuwa amekunywa maziwa ya mtu yeyote.

Uliniuliza mbona nalia. Nikakuambia ni mayai.

Tangu siku hiyo najua, na sijasema. Kila baba yako alipopanda kumsalimia dada yake nilijificha kwenye kazi. Alirudi na salamu zile zile: Sekela anakusalimu, anasema ndaga fijo kwa usipa. Mara ya kwanza nilishangaa asante kubwa hiyo ya nini, maana sikuwahi kumpelekea hata dagaa mmoja wa shukrani. Kumbe baba yako alikuwa anabeba usipa wangu kikapuni anampa kwa jina langu. Miaka yote hii amekuwa akinisuluhisha naye kwa samaki wangu mwenyewe, na mimi nilikula sifa nikanyamaza.

Na huyo ndiye aliyesikia kwamba mtoto yule yule anahitaji mahali pa kulala, akapaka chumba chokaa.

Basi, neno la moto lisikie, maana ndilo lililonitoa kwenye furaha yenu siku ile ya makofi. Jiko nililokufinyangia halina mfuniko. Utafikiri nimesahau, sikusahau. Uliwashie uani, kwenye upepo, na mvua ikinyesha basi barazani. Ukiliingiza ndani, mlango uwe wazi na lile dirisha la vioo liwe wazi, hata ukungu ukiingia ukakaa kitandani kwako. Watakuambia makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana neno. Yetu yalikuwa mekundu, hayakuwa na moshi wala harufu. Ota moto, ukishapata joto litoe nje, ungali macho. Usilale nalo, hata ukiona ni majivu matupu juu, chini yake kuna kaa linaloendelea na kazi. Baridi ya kulala ina dawa yake: pasha jiwe, lifunge kwenye kitambaa, liweke miguuni. Na kichwa kikigonga ukiwa karibu na moto, usijilaze, usitafute majani ya kuchemsha. Toka kwanza, na uliye naye umtoe. Kufikiri kutakuja ukiwa nje.

Majivu yamwage kila asubuhi, hewa ipite chini. Miguu ya jiko iangalie. Ufa wa jiko uzibe kwa udongo kidogo na lisiwashwe mpaka likauke. Lakini ufa wa nyumba, mwanangu, kabla hujauziba waulize wenyeji unafanya kazi gani. Nami nakuomba, katika mambo mengine pia, usiwe kama mama yako aliyefika ugenini na mikono hodari akaanza kurekebisha kabla ya kuuliza. Utakwenda na cheti chako, watoto watasimama ukiingia, picha ya Malkia wa Waingereza ukutani. Uliza tu. Haikupunguzii kitu.

Nilikuwa nimepanga hivi. Ungeisoma barua hii juu ya lori, ukifika ungemweleza Shangazi yote kwa niaba yangu. Wewe una maneno mazuri, na anakupenda. Nikafika hapa, nikasoma nilichoandika kuanzia juu, polepole, kwa kidole. Nikaona kwamba siku ile nilitaja maziwa nikawaacha watu wengine wanimalizie. Na leo nimetaka mtoto wangu animalizie.

Nikaweka penseli chini, nikamwamsha baba yako.

Nimemwambia nikiwa nimesimama, yote, na la kuku, na lile la kushukuru ulipoacha kulia. Alisikiliza anaangalia vidole vyake vya miguu. Nilingoja anikasirikie. Aliuliza jambo moja, kama kuku yule ndiye tuliyemla Krismasi. Nikasema ndiye. Kisha akasema, "Mama Tumpe, dada yangu anajua kilichotokea, si alikuwepo? Maelezo hayahitaji. Anakungoja wewe."

Akavaa shati, amelivaa ndani nje, akaenda Mwaya kumtafuta mwenye lori. Amerudi sasa hivi. Nafasi imepatikana, juu ya magunia ya mchele, nikishika kamba vizuri. Kwa hiyo kesho hutaniaga, Tumpe. Ile kanga uliyoificha ya kunizawadia ukiniaga, nipe leo nipandie nayo.

Karatasi hii nitakupa tukishapita Kyela. Uisome kimya kimya, mimi nitakuwa nageukia migomba, na ukimaliza usiniambie neno kwa kitambo, mpaka tuanze kupanda mlima na baridi itulazimishe kukaa karibu.

Naogopa, mwanangu. Nina furaha, na naogopa. Kukukubali wewe si kunikubali mimi. Akinifungia mlango ana haki, na wewe usimwonee haya yeye wala mimi. Ingia, panga vitu vyako, mimi nitarudi na lori lile lile nikiwa nimemwona uso. Nawasikia mnarudi kutoka ziwani, wewe ndiye unayecheka kuliko wote, kwa hiyo namalizia.

Akitoka nje akasimama mbele yangu, nami midomo ikawa mizito, utataka kunisemea. Nakujua, tangu mdogo ulinisemea kwa wanunuzi. Safari hii usiniokoe, mwalimu. Hata nikikawia, hata majirani wakitoka kutazama, niache nisimame pale uani mpaka nilitoe neno lenyewe kwa mdomo wangu.

Mama yako.